Bibi Taratibu na Kinanda Kisicholia

Siku fundi seremala alipomwona Bibi Taratibu kwa mara ya kwanza, alichokiona ni miguu tu. Ilikuwa miguu miwili yenye soksi za kijivu, imetokeza chini ya piano. Kichwa na mabega vilikuwa ndani ya tumbo la chombo, na tochi ilikuwa ikimulika huku na huko kama ya mlinzi aliyesikia kishindo.

"Kama ni fundi, ingia," sauti ilisema kutoka mle ndani. "Kama ni mtu mwingine, subiri kwanza. Nimewafumania."

"Umewafumania kina nani, Bibi?"

"Mchwa. Wamekula mguu wa nyuma, sasa wanaulizia wa mbele."

Alipojitoa alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka karibu sabini, ana utando wa buibui kichwani na miwani inayoning'inia kwa kamba. Alimtazama fundi, kisha akamtazama binti wa miaka tisa aliyesimama nyuma yake akiwa amebeba mkebe wa misumari. Shule zilikuwa zimefungwa na mama mtu alikuwa kazini, kwa hiyo fundi alikuja na mwanawe. Nyumbani walimwita Chiriku, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza.

Baba yake alikuwa kinyume. Shemeji zake walimwita Bubu, nyuma ya mgongo wake na mara nyingine mbele. Alisoma mpaka darasa la saba, akashikishwa randa, akagundua kwamba mbao haimuulizi mtu maswali. Toka siku hiyo alipendana nayo.

Kazi ilichukua siku mbili. Siku ya pili, fundi akiwa amelala chini anapachika mguu mpya, alisikia juu yake sauti moja ya piano, ndogo, kama tone la maji. Chiriku alikuwa amebonyeza.

"Nani kakuruhusu?" Bibi aliuliza.

"Hakuna, Bibi. Kidole kilitaka."

"Hujasingizia mtu. Vizuri. Bonyeza tena, lakini taratibu."

Akabonyeza, kisha akaiimba ile sauti kwa mdomo, na ikalingana. Bibi akamgeukia fundi aliyekuwa bado chini na gundi mkononi. "Mtoto wako ana sikio. Mlete Jumamosi saa tatu. Na wewe uje."

"Mimi, Bibi? Mimi sijui muziki."

"Ndiyo nzuri. Wanaojua kidogo ndio wanaonisumbua. Sikiliza, Fundi: mimi nitakuwa na mtoto nusu saa kwa wiki. Wewe unaye siku saba. Sasa hapo mwalimu ni nani?"

Hivyo ndivyo walivyoingia katika maisha ya yule mama. Jina la Taratibu alipewa na watoto wa mtaa, maana ndilo neno alilolisema kuliko yote. Alikuwa amefanya kazi ya ukarani mahakamani miaka thelathini na mmoja, akipiga taipu maneno ya watu waliokula kiapo, wa kweli na wa uongo, mpaka akasema anamjua mwongo kwa namna anavyovuta pumzi. Piano alifundishwa utotoni na matroni wa bweni. Mume alikuwa amefariki, binti yake wa pekee ameolewa mji mwingine, na yeye alikaa vyumba viwili nyuma ya duka la dawa, harufu ya spiriti ikipita ukutani kama mgeni asiyebisha hodi. Piano yenyewe aliinunua kwenye hoteli iliyokuwa inafungwa. Waliibeba wanaume wanane wakaidondosha mlangoni, na tangu siku hiyo kibao cha kubonyeza cha mwisho upande wa kushoto hakikulia tena. "Walioidondosha ni wanane," alizoea kusema, "aliyekiri ni mmoja. Huyo ndiye niliyempikia chai."

Jumamosi ya kwanza wazazi wa wanafunzi wote walipangwa kwenye benchi ukutani kama wagonjwa, na somo la kwanza likawa lao.

"Mtoto hatafanya mazoezi saa nzima. Dakika ishirini zinatosha, lakini kila siku, na saa ile ile, kama dawa. Mkono mmoja kwanza, halafu mwingine, ndipo yote miwili. Akikosea, asirudi mwanzo wa wimbo. Mwanzo anaujua! Achukue pale pale alipokwama, sauti nne tu, arudie taratibu mara tano. Na wewe mzazi usimsimamie nyuma kama askari. Kaa pembeni. Usimwambie amekosea, muulize amesikia nini. Ukimaliza weka alama kwenye daftari."

Mama mmoja muuguzi aliuliza kwa nini taratibu hivyo, wengine wana haraka.

"Kwa sababu kidole hakijui kosa wala sahihi, mwanangu. Kinajua kile ulichokirudia."

Fundi hakuwa na karatasi. Aliyaandika yote kwa penseli ya kazini kwenye kipande cha plaiwudi alichokuwa nacho mfukoni, herufi ndogondogo, akakipigilia ukutani nyumbani.

Kisha Bibi akauliza nani hana kinanda nyumbani. "Asiye nacho amlete mtoto hapa jioni baada ya shule, apige nusu saa. Mlango uko wazi. Inueni mikono nijue."

Muuguzi aliinua, na dereva mmoja wa lori akainua. Mkono wa fundi ulikataa. Kuinua mkono mbele ya watu, kwake yeye, kulikuwa sawa na kuvua shati sokoni.

"Fundi, kwenu kipo?"

"Kipo," alisema. Na alipokuwa akisema hivyo, moyoni alikuwa tayari ameshachagua mbao.

Alikitengeneza kwa wiki moja, saa za mapumziko, kwa mbao laini nyeupe aliyoipiga msasa mpaka ikawa kama sabuni. Vibao vyeupe vilikuwa thelathini na sita, vyeusi vikiwa juu yake vimepakwa rangi ya viatu, na kila kimoja kilikaa kwenye kipande kidogo cha mpira ili kibonyee na kurudi. Hakikulia hata kidogo. Lakini kilikuwa kizuri, na fundi alijua kwamba ni kizuri.

Kosa lilikuwa kwenye kipimo. Kwa miaka ishirini alikuwa akitengeneza madawati, na fundi wa madawati hujua jambo moja: mtoto hakalishwi kiti cha mtu mzima. Unampima yeye, goti na kiwiko, ndipo unakata. Kwa hiyo alikiweka kiganja cha Chiriku juu ya mbao, akakizungushia penseli, akagawa. Piano ya Bibi, aliona, ni ya watu wazima, vibao vyake vipana. Cha mwanawe alikifanyia huruma. Kila kibao alikipa sentimita mbili kamili.

"Kinanisubiri vidole, Baba!" Chiriku alisema alipokijaribu. Baba mtu alikwenda nje kufagia maranda yasiyokuwapo, ili asionekane anavyocheka.

Kila siku saa kumi na moja jioni walikaa. Kwa kuwa kinanda hakikuwa na sauti, Chiriku aliimba kila alichokibonyeza, na akikosea kwa kidole alikosea na kwa mdomo.

"Mimi nimeona redio ya betri, nimeona redio ya umeme," mama yake alisema akikunja nguo. "Piano ya kutumia mate ndiyo kwanza naiona kwenu."

"Mama Chiriku, unamkatiza."

"Haya, Bubu kasema! Leo mvua itanyesha."

Fundi alifuata plaiwudi yake neno kwa neno. Mkono mmoja, kisha mwingine. Sauti nne, mara tano. Akauliza, umesikia nini? Akaweka alama. Haba na haba hujaza kibaba, alijiambia, na kweli kibaba kilikuwa kinajaa, ila hakujua kinajaa nini.

Miezi miwili ya kwanza nyimbo zilikuwa za vidole vitano vilivyokaa pamoja. Chiriku alipokuwa kwa Bibi aliteleza kidogo mwanzoni, akaangalia vidole, akajirekebisha. Mwezi wa tatu ulikuja wimbo wenye mruko, mkono unatoka chini unakwenda kutua sauti ya nane juu. Nyumbani aliruka na kutua bila kutazama, na kuimba ilivyo. Kwa Bibi alitua pungufu kila mara, kibao kimoja nyuma.

"Rudia nyumbani," Bibi alisema.

Wakarudia. Fundi, kwa bidii, aliongeza kutoka mara tano hadi mara kumi. Jumamosi iliyofuata ikawa mbaya zaidi. Iliyofuata tena, wanafunzi wawili wadogo walichekelea, na Chiriku, ambaye hakuwahi kukosa neno, akaikalia mikono yake.

Jumamosi ya nne Bibi aliondoka kwenda jikoni kuzima jiko. Fundi alikuwa ameutazama ule mkono wiki nzima kama anavyotazama mlango usiofunga. Mtoto hakukosea ovyo. Alikosea kwa kiasi kile kile, na kitu kinachokosea kwa kiasi kile kile, katika useremala, hakina uvivu. Kina kipimo. Alitoa futi ya kupimia mfukoni, akaiweka juu ya vibao vya piano. Sentimita mbili, milimita tatu na nusu. Akapima tena mahali pengine. Ile ile. Milimita tatu na nusu si kitu, ni unene wa sarafu mbili, lakini zidisha kwa vibao saba vya ule mruko, unapata kibao kizima. Alikumbuka mara tano zile, kisha mara kumi, kila jioni, miezi mitatu. Kila alama aliyoiweka kwenye daftari ilikuwa msumari, na alikuwa ameupigilia kwa mkono wake mwenyewe, mahali pasipo pake.

Futi ilirudi mfukoni, Bibi akarudi chumbani. Alifungua daftari la mazoezi, akapitisha kidole kwenye zile alama.

"Hapa nimeandikiwa kila siku. Mikono inaniambia kingine. Chiriku, mjukuu wangu, hizi alama ni za kweli?"

Mtoto alimtazama baba yake. Fundi alifungua mdomo. Muuguzi alikuwa pale, dereva pale, wote wakimtazama, na mkono wake ukaibana futi mfukoni.

"Si za kweli, Bibi," Chiriku alisema. "Sikufanya. Nilimdanganya Baba kuwa nimefanya, ndipo akaweka."

Pumzi yake, pengine, haikuvutwa kama ya mwongo. Ama Bibi siku hiyo alikuwa amechoka. Alilifunga daftari kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kelele.

"Uvivu naweza kuutibu. Uongo siuwezi, nimeukalia miaka mingi mno. Yuko mtoto anayesubiri kiti. Mpishe kwanza, mpaka utakapokuwa tayari."

Walitembea kwenda nyumbani. Kwenye kivuko cha barabara Chiriku alimshika baba yake mkono, kama kawaida, na fundi aliuona mkono wake mwenyewe haufai kushikwa.

Kile kinanda alikitia kwenye gunia, akakiweka juu kabisa ya rundo la mbao karakanani. Alimwambia binti yake atakirekebisha. Alitengeneza kingine, chenye kipimo cha kweli, na hakikukaliwa. Saa kumi na moja jioni ikawa saa kama nyingine. Mama mtu, aliyeikejeli piano ya mate, siku moja alisimama na sufuria mkononi akasema, "Nyumba imekuwa kama ya watu waliohamishwa." Fundi aliinama kwenye sahani yake. Mficha maradhi, wanasema, kilio humfichua. Lakini kilio chake kilikuwa hakitoki.

Si kwamba hakujaribu. Mara ya kwanza alikwenda mpaka mlangoni kwa Bibi, akagonga, na alipofunguliwa akasema, "Shikamoo Mwalimu, nimepita kuangalia bawaba ya huu mlango."

"Marahaba. Ina nini?"

"Inalia."

Haikuwa inalia. Aliifungua, akaipaka grisi, akaifunga, akaenda zake. Mara ya pili alitengeneza kiti cha kuongezea urefu watoto wadogo, akakiacha nje. Mara ya tatu alikutana na Bibi duka la dawa, anahesabu vidonge vyake kwa kuvigusa, macho yameanza kumkataa. "Chiriku hajambo?" aliuliza. "Hajambo," fundi alijibu, na hilo nalo likawa uongo, wa tatu baada ya "kipo" na "inalia".

Ikapita miezi mitano. Ndipo ujumbe ukaja: Bibi Taratibu anahama, binti yake anamchukua akae naye maana macho hayaoni vizuri. Piano inakwenda pia. Fundi aje aitengenezee kreti, sanduku la kusafirishia, la mbao nzito, gari linafika Jumanne saa tisa alasiri.

Alikwenda Jumanne asubuhi na mbao zake. Chumba kilikuwa kitupu, mwangwi umehamia. Alitoa futi aipime piano kwa ajili ya kreti, urefu, kina, kimo, na ilipopita juu ya vibao akapima, akapima tena. Bibi alikuwa ameketi juu ya sanduku.

"Unapima mara ngapi, Fundi? Haijakua tangu jana."

Akajua kwamba asiposema sasa, mwanawe atabaki mwongo katika kichwa cha yule mama mpaka mwisho wa dunia, na kichwa chenyewe kinaondoka saa tisa.

"Mwalimu. Vidole vyake havikukosea."

"Vidole vya nani?"

"Vya Chiriku. Ni vibao vyangu."

"Sijaelewa. Rudia. Taratibu."

Akarudia. Alisema yote, mkono uliokataa kuinuka, kiganja kilichozungushiwa penseli, sentimita mbili, mara kumi kila jioni. Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja tangu azaliwe. Bibi alisikiliza uso umeelekea dirishani.

"Kwa hiyo alifanya mazoezi."

"Kila siku. Hata alipoumwa."

"Na wewe ukajua lini?"

"Siku ile. Ulipokwenda jikoni."

"Kabla sijarudi."

"Kabla hujarudi."

"Na mtoto alipojiita mwongo mbele ya watu, wewe ulikuwa wapi?"

"Pale kwenye benchi, Mwalimu."

"Na futi?"

"Mfukoni."

Fundi alingoja atukanwe, alitamani atukanwe. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na hakuambiwa.

"Nimeandika hukumu za watu maisha yangu yote," Bibi alisema mwishowe, na hakuwa anasema naye hasa. "Ya kwanza kuitoa mimi mwenyewe, nimemtia hatiani mtoto wa miaka tisa bila shahidi." Akasimama. "Mimi siye uliyenikosea zaidi. Kamlete."

Chiriku alifuatwa shuleni na baba yake mchana, akaletwa akiwa na sare, chaki kwenye mkono. Alikuta piano imezungushiwa mbao pande tatu kama ng'ombe zizini, na baba yake akasimama katikati ya chumba, nyundo imening'inia.

"Baba yako ana neno," Bibi alisema.

Fundi alimweleza, akitazama viatu vya mtoto. Alipofika kwenye kipimo, Chiriku alimkatiza.

"Nilikuona na futi, Baba. Ulipopima mara ya pili uso ulikubadilika."

"Ulijua?"

"Nilijua ni kinanda chetu."

"Mbona sasa hukusema, mama?"

"Wewe ungeaibika, watu wote wale. Mimi ni mtoto. Watoto tunaambiwa wavivu kila siku."

Fundi aligeuka akatazama ukuta, na ukuta haukumsaidia.

Bibi alishuka taratibu mpaka macho yake, yanayoona nusu, yakalingana na ya mtoto. "Chiriku. Aliyekuita mwongo si baba yako. Ni mimi. Nilikosea, na nimekosea miezi mitano. Unanisikia?"

"Nakusikia, Bibi."

Kisha aliomba karatasi, akaandika kwa herufi kubwa za mtu anayebahatisha mstari, barua kwa mwalimu wa muziki wa shule iliyo nyuma ya hospitali, aliyekuwa hapokei mtoto asiyependekezwa na mtu. Aliisoma kwa sauti ili fundi asikie: kwamba mtoto huyu hufanya mazoezi kila siku, na kwamba makosa ya mkono wake si yake. Akamkabidhi mtoto, si baba.

"Sasa kaa. Gari halijafika. Tuone huo mruko wetu."

Lakini gari lilikuwa limefika. Wapagazi walipiga honi, mmoja akachungulia mlangoni akauliza kama huo mzigo ni wa leo au wa mwakani. Chiriku alikaa ndani ya lile zizi, mgongo tu ukionekana. Akaruka, akatua kibao kimoja nyuma. Akaruka tena, pale pale. Bibi, pembeni yake, alikuwa akimwambia kitu kwa sauti ya chini, na mkono ukaenda tena, ukasita hewani, ukapungukiwa kidogo tu.

Kila kosa lilimchoma fundi kwa zamu. Alitaka kitu cha kufanya, chochote, maana kazi ndiyo pekee iliyowahi kumficha. Akainua ubao wa nne, ule wa kufungia mbele, akaweka misumari mdomoni, akasogea.

Baada ya hapo Bibi hakusema naye tena. Alipanda gari, akampa Chiriku mkono, na kwa fundi akainamisha kichwa tu. Fundi alifikiri siku moja atamwandikia, maana barua ni kama mbao, haikutazami usoni. Lakini mwaka uliofuata binti wa Bibi ndiye aliyeandika, kuleta habari ya msiba wa mama yake. Fundi alichobaki nacho ni yale aliyoambiwa pale, ubao mikononi, honi ikilia nje, Bibi amenyoosha kiganja kumzuia bila hata kugeuka:

"Usipigilie kwanza, Fundi. Mtoto hajamaliza."